Kopo la Wageni

Kule chuoni Chimwaga, ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa uhandisi chumba cha Popo kiko wapi, atakuonyesha kwa kidevu bila hata kufikiri. Ghorofa ya chini, mwisho wa korido, mlango wenye karatasi iliyoandikwa USIFUNGUE, KUNA GIZA. Popo mwenyewe jina lake Obedi, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwembamba, mabega yameanza kupinda kwa kuinamia meza. Hilo jina hawakumpa kwa chuki. Mtu anayejifungia gizani saa nne asubuhi, jua la Dodoma likipasua mawe nje, halafu saa tisa anatoka akipepesa macho na kutafuta ukuta kwa mkono, utamwita nani? Jina lilimkaa, tusidanganyane.

Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, na alichokuwa anakitengeneza ni jicho. Si jicho la kuona watu wala magari. Ni jicho la kuona sumu kwenye karanga. Karanga ikiingiwa na ukungu ghalani, ukungu ule huacha sumu ambayo haina rangi wala ladha, na kuipika hakusaidii kitu. Mtu anaila miaka, inamla ini taratibu, naye hana habari. Lakini sumu hiyo ina udhaifu mmoja. Ukiimulika gizani kwa taa ya zambarau, inajibu. Inatoa mwanga wa samawati, hafifu mno, ambao ukiwasha taa ya kawaida tu umepotea. Obedi alikuwa na sanduku jeusi la mbao, alilochongewa na fundi wa soko la Majengo: taa ya zambarau upande mmoja, jicho upande wa pili, karanga katikati. Jicho likipata ule mwanga linaugeuza kuwa umeme kidogo, na umeme huo unachora mstari kwenye kompyuta. Karanga safi, mstari unalala. Karanga yenye sumu, mstari unaruka.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya vitabuni. Kwa Obedi, mstari ulikuwa umelala miezi minane.

Na si kwamba ulilala kimya. Kila kifaa kina kelele zake, vimtetemeko vidogo visivyo na maana, na kazi ya mtu wa fani hii ni kujua lini mtetemeko ni kelele na lini ni jibu. Ni kama mbwa wa mlinzi. Ukimfundisha kubwekea kila kitu, atambwekea hata mchungaji wa kanisa. Ukimfundisha kunyamaza, mwizi atapita na mbuzi. Obedi alijaribu kuteremsha kipimo, jicho likazisingizia karanga zote. Akakipandisha, likaziachia zote. Akabadilisha taa. Akabadilisha vioo vya kuchuja mwanga. Akachomelea saketi upya mara sita, mpaka vidole vikawa na madoa ya kuungua. Karanga nzuri za gunia la kamba nyeupe na mbovu za gunia la kamba nyeusi zilitoa mstari uleule, kama mapacha.

Hayo magunia mawili ndiyo yaliyobeba maisha yake. Yalitoka kwa dada yake, Zipora.

Zipora alimzidi miaka kumi na tisa. Mama yao alipofariki, Obedi akiwa darasa la pili, Zipora ndiye aliyembeba, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na mume alikuwa ameshatangulia, alimwita Obedi "baba" na kumlea kama yai. Alimsomesha kwa karanga. Shamba lilelile, mbegu ileile, gunia baada ya gunia likipakiwa kwenda Majengo. Kwa hiyo msimamizi wake chuoni, Dokta Generosa, alipomwambia atafute karanga nzuri na mbovu zilizotoka shamba moja na ghala moja, Obedi hakusumbuka. Alipiga simu nyumbani.

"Dada, nahitaji gunia dogo la karanga nzuri, na lingine la mbovu. Mbovu kabisa, zenye ukungu."

"Mbovu za nini, baba?" Zipora akauliza.

"Za masomo."

"Haya."

Magunia yakaja kwa basi. La kamba nyeusi lilikuwa na karanga zilizosinyaa, zilizopasuka, nusunusu, vipande vipande, vitu ambavyo mnunuzi wa Majengo angevitazama mara moja na kukutazama wewe mara mbili. Obedi akaridhika. Kipimo cha kemikali kingeweza kuthibitisha, lakini foleni yake ilikuwa ndefu, naye akakiweka mwisho wa kazi, kama mtu anayepaka rangi nyumba ikishakwisha. Na kwa nini athibitishe? Nani anayejua karanga kuliko dada Zipora? Alitilia shaka taa, akatilia shaka jicho, akatilia shaka akili zake mwenyewe. Gunia hakulitilia shaka hata siku moja.

Miezi minane ndani ya giza ni mingi, jamani. Mwanzoni walikuwa wawili chumbani mle, yeye na Abdulrazaki, kijana wa hapohapo mjini, mwenye maneno mengi na kikombe cha bati. Abdulrazaki akamaliza, akapata kazi, akaondoka, akasahau kikombe. Obedi hakukiosha wala hakukitupa. Wenzake wengine walivaa majoho, wakapiga picha, wakatawanyika. Waliobaki walikuwa vijana wadogo wanaompisha kwenye korido na kumwamkia shikamoo, na hakuna kinachozeesha mtu kama shikamoo ya chuoni. Mchana alikula kwa mama lishe, sahani moja, kiti cha mwisho. Kuna siku ilipita mpaka jioni ndipo akagundua kwamba sauti yake hajaitumia tangu alipoamka.

Wakati fulani mapazia ya dirishani yalianza kupitisha mwanga, akaenda Majengo kununua kitambaa cheusi. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, Mwanamvua. Alimsikia akitaka mita kumi, nyeusi ti, isiyopitisha mwanga, akaweka mkasi chini.

"Pole sana, baba. Nani ametangulia?"

Obedi angeweza kusema ni cha maabara. Neno moja tu. Lakini pole ile ilimwingia mahali, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipompa pole kwa lolote. "Ni mambo tu, mama," akasema. "Asante." Mwanamvua akamwongezea nusu mita ya bure, akamwambia Mungu atatenda. Obedi alirudi Chimwaga na kitambaa chake akijiona mwongo, na bado akaona hiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwezi ule.

Kila Jumapili alimpigia Zipora. Maongezi hayakuzidi dakika mbili. Yeye hakutaka kumwambia dada kwamba kazi imekwama, na dada hakutaka kumpotezea muda. "Haya baba, nenda kasome," Zipora alikuwa akisema, na Obedi alikuwa akijibu, "Haya dada, pumzika." Halafu simu inakatwa, na huku mmoja ameshika simu amekaa kitandani, na bila shaka kule mwingine hivyohivyo.

Alikuwa ameshaongezewa muda mara mbili. Mara ya tatu jopo la idara lingekaa, siku ya Jumatano, limsikilize. Kama angeonyesha mstari umeruka, hata kwa karanga moja, angeendelea. Kama hakuna, faili linafungwa, na miaka yake mitatu inakuwa hadithi ya popo. Barua ya idara ilisema hivyo kwa lugha ya adabu.

Ijumaa kabla ya jopo, Dokta Generosa aliingia chumbani mle. Ni mama wa Kihaya, mfupi, mkali, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Hakutazama sanduku wala kompyuta. Alifungua gunia la kamba nyeusi, akachota kiganja, akanusa. Akanusa tena.

"Obedi. Karanga yenye ukungu inanuka nini?"

"Inanuka… ukungu, Dokta."

"Inanuka shimo. Hizi zinanuka jua." Akammwagia Obedi kiganjani. "Zimesinyaa, zimepasuka, sawa. Lakini zimechambuliwa hizi, tena kwa mkono wa mtu makini. Nani alikupa?"

"Dada yangu."

"Basi jicho lako halina ubaya, bwana. Umelipa kazi ya kutafuta kitu ambacho hakipo. Nenda nyumbani."

Loo! Obedi alibaki amesimama na karanga kiganjani. Hasira ilimpanda, ikakosa pa kutua. Miezi minane! Angenusa tu. Mtoto aliyekulia kwenye karanga, aliyezimenya kabla hajajua kuandika jina lake, alisahau kwamba ana pua.

Jumamosi alichukua basi la asubuhi mpaka Mpwapwa, kisha bodaboda, kompyuta ndogo ndani ya begi mgongoni, sanduku jeusi amelipakata na kitambaa cheusi amekifunga juu yake. Waliokutana naye njiani walivua kofia.

Zipora alikuwa uani akipepeta uwele. Alipomwona aliachia ungo. "Baba! Mbona hukusema unakuja?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbukwa, mbukwa!" akamwamkia kwa Kigogo. "Umekonda, watu wa huko hawali? Ingia, ingia ndani ukae." Akamvuta mkono, akamkalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, kiti ambacho Obedi akiwa mtoto alikuwa akipigwa kofi akikikalia. Alikuwa amepungua, Zipora. Kanga ilimzunguka mara mbili na ikabaki.

Obedi alitaka kuuliza palepale, lakini hapa petu mtu haulizwi wala haulizi kabla ya kula. Akasikia kinu nyuma ya nyumba, akasikia mwiko. Ukaja ugali wa uwele, ukaja mlenda uliotiwa karanga, laini, wa kuteleza, na maji ya kunawa. Zipora akamwekea, akasema karibu, akarudi jikoni. Obedi akala peke yake, uso ameelekeza ukutani kwenye picha yake mwenyewe ya mahafali ya shahada ya kwanza. Ndivyo alivyokuwa akila kila alipokuja, miaka yote hii, na hakuwahi kuona kitu. Siku hiyo alilirudisha tonge bakulini. Kama ni kula peke yangu, akajiambia, si ningebaki Chimwaga?

Akabeba bakuli lake, akaenda jikoni.

Zipora alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakula. Mbele yake kulikuwa na chungu kingine, kidogo, cha mlenda mwingine. Alishtuka kama aliyefumaniwa.

"Unafuata nini huku kwenye moshi? Rudi ukakae."

"Dada, kwa nini kuna vyungu viwili?"

"Kimoja chako, kimoja changu. Kula."

"Zile karanga za kamba nyeusi," Obedi akasema, maana sasa hakuweza kungoja, "zilikuwa na ukungu?"

Zipora aliweka tonge chini, akamtazama usoni, na ule upole wa kumkaribisha ukamtoka. Zipora ukimgusa kwenye karanga zake umemgusa pabaya. "Ukungu? Mimi nipeleke ukungu chuoni? Niliziosha, nikazianika, nikazichambua siku mbili, kila yenye ukungu nikaitoa. Ulisema mbovu, nikakupa zilizovunjika. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, baba, na kibaya changu hakiwezi kutembea mpaka kwa maprofesa. Wangesema huyu Obedi katoka nyumba gani?"

Obedi alicheka, halafu akaona si kicheko. "Karibu wanifukuze, dada. Jumatano. Nilizihitaji zenye ukungu."

Mkono wa Zipora ukaenda mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua kwamba kuna mtu duniani anayezihitaji."

"Ulizitupa wapi?"

"Nani atatupa chakula?" Akaonyesha kwa kidevu kwenye ubao wa ukutani. Kulikuwa na makopo mawili ya bati, ya unga wa karanga. Moja lina mfuniko mwekundu, jingine limefunikwa kwa kipande cha nailoni. "Hilo jekundu ni kopo la wageni. Hili la nailoni ni langu. Zikitwangwa hazionekani, na ladha ni ileile."

Obedi alikwenda kulileta sanduku, akaliweka kwenye sakafu ya ghala, mahali penye giza zaidi, akakaa chini. "Njoo, dada." Akamvalisha miwani yake ya kukinga macho, ile pekee aliyokuwa nayo, kisha akatandaza kitambaa cheusi kikawafunika wote wawili, vichwa vikagusana. Alinusa moshi kwenye nywele zake. Ni miaka mingapi hakuwa amekaa karibu hivi na mtu?

Akaanza na kijiko cha kopo la wageni. Akawasha taa ya zambarau. Unga ukalala pale, mweusi, mtulivu. Kwenye kompyuta mstari ukalala.

Akatoa, akafuta, akaweka kijiko cha kopo la nailoni.

Mstari haukuruka tu. Ulipanda ukagonga juu ya kioo ukabaki hukohuko. Hakukuwa na haja ya kuteremsha kipimo wala kukipandisha. Obedi akainua kifuniko cha sanduku kidogo, na mle ndani, kwa macho matupu, unga ulikuwa umejaa vidoa vya samawati, vingi, vingi mno.

"Jamani!" Zipora akanong'ona. "Kumbe nzuri hivi?"

Akakaa anatazama, mdomo wazi, kama mtoto. Halafu akili ikamrudia, akamgeukia. "Kimeona? Baba, chombo chako kimeona?"

"Kimeona, dada."

Zipora akapiga vigelegele mlemle ndani ya kitambaa, mpaka masikio ya Obedi yakauma. Obedi akainamisha kichwa kwenye magoti, akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, mtu mzima yule.

"Sasa unalia nini nawe umefaulu?"

"Umeyala haya tangu lini?"

"Yapi? Hizi? Za kutoa ndizo za kula, baba. Nzuri ndizo za kuuza. Tangu zamani."

"Mbona mimi sikumbuki vyungu viwili?"

"Ulikuwa huingii jikoni. Mtoto unayemtegemea utampa za ukungu?" Akaivua ile miwani, akaifuta kwa kanga. "Na ulipokwenda chuo ukawa mgeni, basi ikawa rahisi zaidi."

Hilo ndilo lililomchoma Obedi kuliko vidoa vyote. Huko Chimwaga alijiliwaza kwamba upweke wake una mwisho, kwamba kuna nyumba moja duniani ambako si mgeni. Kumbe huku alikuwa na kopo lake. Na dada yake, jikoni kwake mwenyewe, mlo baada ya mlo, alikuwa amekaa na chungu chake kidogo akimngojea mgeni huyo amalize shule.

"Mgeni siku mbili, dada," akasema. "Ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa nyumba hii toka nizaliwe. Leo nimekataa kuwa mgeni."

"Usiniletee methali, nilikufundisha mwenyewe."

"Hili la nailoni naondoka nalo lote. Na ghalani zilizobaki, nazo."

"Nitakula nini mimi?"

"Hili jekundu."

"Na wageni wakija?"

"Watakula na sisi."

Zipora alilalamika mpaka maji ya chai yakachemka. Kuhusu kule kupungua mwili kwake, na upande wa kulia wa tumbo ambao alikuwa akiushika anapoinuka, alisema ni uzee, na Obedi akasema uzee utapimwa Dodoma siku ya Jumatatu. Hakumwambia alichosoma kuhusu ini. Lakini alikijua chote, ukurasa kwa ukurasa, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri.

Jumatano jopo lilikaa watu wanne. Obedi akaonyesha mistari miwili, ule uliolala na ule ulioruka. Wakauliza kuhusu kelele, akajibu. Wakauliza kuhusu kipimo cha kemikali, akasema sampuli imeshapelekwa. Profesa mmoja aliyekaa pembeni akavutiwa. "Kiwango hiki ni kikubwa sana. Wenzako wanazunguka masoko hawapati sampuli kali namna hii. Wewe umeipata wapi?"

Obedi alitazama fomu. Palikuwa na mstari unaosema chanzo cha sampuli, na hakuwa ameujaza.

"Jikoni kwa dada yangu," akasema. "Ndiyo karanga iliyobaki baada ya kunisomesha."

Profesa alishusha kalamu. Dokta Generosa akavua miwani, akatazama dirishani, kisha akasema kwamba yeye anapendekeza mwanafunzi aongezewe muda, na wengine wakaitikia.

Nje, kwenye benchi la korido, Zipora alikuwa amekaa wima na kanga yake ya kanisani, bahasha ya hospitali magotini. Majibu ya damu yangetoka Ijumaa. Pembeni yake alikuwa ameweka kopo jekundu, karanga za kukaanga, nzuri tupu, alizowaletea walimu.

"Wamesemaje?"

"Wamenipa muda."

"Basi wapelekee."

Obedi alikaa kando yake, akalifungua kopo, akamjaza kiganja, akajijaza cha kwake. Vijana walipita, wakamwona Popo nje, mchana kweupe, na mtu. Wakawaamkia shikamoo, Zipora akawaitikia wote, mmoja mmoja.

"Wapelekee, baba. Zitaisha."

"Kula kwanza, dada," Obedi akasema.